Tawi Nililopeleka Kanisani

Mvua zinapokolea hapa Mjimwema na mahindi ya uani yakaanza kubeba, harufu yake hunirudisha Madaba, kwenye shamba la baba yangu. Kule harufu ya mahindi mabichi ilichanganyika na nyingine, nzito, ya kukwaruza pua, iliyotoka katikati ya mistari. Baba alisema ni dawa ya kuku. Kuku tulikuwa nao wanne.

Nilikuwa na miaka minane hivi, na kijiji kizima kilinong'ona kwamba polisi wanapanda kutoka bondeni, wanafyeka bangi shamba kwa shamba na kuwachukua wenye mashamba. Baba, mpiga ngoma wa kwaya, hakugusa kitu. Ikafika Jumapili ya Matawi. Kwetu mitende haioti, hivyo kila mtu hukata tawi bichi linalompendeza. Niliingia kwenye mahindi asubuhi, nikakata lililonizidi kimo, lenye majani kama vidole vilivyokunjuliwa, nikaandamana nalo mstari wa mbele nikiimba. Padre, aliyekuwa mgeni kwetu, alilinyunyizia maji ya baraka sawa na mengine.

Baada ya misa katekista, mzee wa sauti ya pole, alimvuta baba pembeni.

“Baba Agata, mwanao katuletea dawa yako ya kuku.”

“Nitaitupa mtoni sasa hivi, mzee.”

“Kilichobarikiwa hakitupwi, unajua. Huchomwa, majivu yakafukiwa.”

“Nikichoma, si watanusa hadi bondeni?”

“Hilo ungeliwaza wakati wa kupanda.”

Baba hakunichapa. Aliliegemeza tawi ukutani chini ya msalaba, akalitazama mpaka ugali ukapoa. Kisha akachukua jembe, siku ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kushika jembe. Tuling'oa yote, mama na sisi watoto, tukafukia kwenye shimo la mbolea. Tawi langu alilichoma mwisho, peke yake, akafukia majivu kwa mikono.

Jumanne polisi wakafika. Askari mmoja alisimama juu ya udongo uliotifuliwa.

“Mzee, hapa palikuwa na nini?”

Mama alikohoa. Lakini baba alijua mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, “Bangi, afande. Nimeing'oa juzi.”

“Nani kakuonya?”

“Huyu binti. Alipeleka tawi kanisani.”

Askari alinitazama kwa muda, akiuma mdomo ili asicheke. Alitaka kuliona shimo, akalichimbua kwa fimbo, akamwonya baba, wakaendelea. Jirani yetu ng'ambo ya kijito walimkuta na mimea yake imesimama. Walimchukua, na wanawe walikula kwetu misimu miwili.

Baba alizeekea nyumbani, namshukuru Mungu. Siku hizi redio bado hutangaza polisi wakifyeka mabonde huko vijijini, mashamba makubwa kuliko yale ya kwetu, nami huwaombea wanaofyeka na wanaofyekewa, hasa watoto wao. Kila Jumapili ya Matawi mjukuu wangu hukata tawi lake kwenye ua, akaja mbio kunionyesha kabla hatujatoka.

“Zuri,” humwambia. “Lilete kwanza bibi alinuse.”