Jirani Yetu Anahama kwa Kosa la Unga wa Mama Yangu

Habari zenu wapendwa. Naomba sana jina langu lisionekane, maana mashemeji zangu wanausoma huu ukurasa. Mimi ni mama wa miaka 28, mzaliwa wa Makere huko Kasulu, nimeolewa hapa Kibondo. Mume wangu ni fundi ujenzi. Tunaishi na mama yake, na tulikuwa tunaishi pia na mdogo wake wa mwisho, binti wa darasa la nne. Nitamwita Neema. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nisipotuma leo sitatuma tena.

Mwaka huu nilijifungua mtoto wa pili. Mama yangu akaja kutoka Makere kunihudumia, amebeba kuku, ndizi na mfuko wa unga wa muhogo, mweupe pee. Mama mkwe aliufurahia, akasema, "Mama yako ananijua mimi ni mtu wa muhogo." Mama alinikanda na maji ya moto, akamwogesha mtoto, halafu akarudi kwake kuwahi palizi.

Jumapili baada ya yeye kuondoka, jirani yetu Mama Odeta alipita akitoka kanisani, akatuletea bakuli la maharage ya mawese. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye amezaliwa hukuhuku na ni raia kama mimi. Siku nilipopata uchungu mume wangu yuko kazini, huyu mama ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali.

Mchana ule mama mkwe akasonga ugali wa ule unga, wakala kwa yale maharage. Mimi kwa kuwa ni mzazi nilipikiwa ndizi, nikazila chumbani. Maharage nilikula, tena nikaongeza.

Jioni haijafika, Neema akasema kichwa kinamzunguka. Akaanza kutapika. Mama mkwe akafuata, kisha nikamwona mume wangu anatembea ameshika ukuta. Majirani waliwakimbiza hospitali, nami nikafuata. Mume wangu na mama yake walipona. Neema hakurudi nyumbani.

Daktari aliniita pembeni, akaniuliza walikula nini. Nikamwambia. Akauliza, "Huo muhogo ni mchungu? Ulilowekwa siku ngapi?" Nikasema sijui. Akanieleza kwamba muhogo mchungu una sumu yake tangu shambani, na usipokaa kwenye maji siku za kutosha, sumu inabaki hata ukishakuwa unga, hata ukishaupika. Huioni kwa rangi. Na mtoto ndiye inayemuwahi. Akasema nilete unga uliobaki waupime.

Ndugu zangu, muhogo nimekula tangu nina meno mawili. Tunajua mchungu lazima uvundikwe, lakini mimi nilidhani ni kwa ajili ya ladha tu. Nilimpigia mama simu. Akasema, "Mawe, mama wee! Mwanangu, niliuloweka usiku mmoja tu. Nilikuwa nawahi kuja kwako, nisije mikono mitupu. Nikaukatakata, nikaukausha juu ya moto." Akaanza kulia. "Usiniseme, mwanangu. Watasema nimeua mtoto wa watu. Na wewe hiyo ndoa itakuwa imekwisha."

Unga sikuupeleka kwa daktari. Niliumwaga chooni, mtoto wangu akiwa mgongoni, nikamwambia daktari umekwisha.

Msibani shemeji yangu mkubwa akasimama mbele ya watu. "Sisi tumelishwa kitu. Lile bakuli lilitoka kwa nani?" Watu wote wakamgeukia Mama Odeta, aliyekuwa anamenya ndizi na wenzake. Alisimama, mikono imejaa utomvu, akasema, "Chakula kilekile nimekula mimi na wanangu." Mtu akapiga kelele, "Mchawi halogi nyumbani kwake! Rudini kwenu!" Akaondoka na kisu chake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe. Nilitazama chini.

Tangu siku ile hakuna anayenunua maandazi yake. Odeta anaitwa mtoto wa mchawi huko shuleni, ameacha kwenda. Mama mkwe akikutana naye kisimani anamwaga maji yake na kurudi na ndoo tupu. Mume wangu usingizini anamwita Neema.

Juzi Mama Odeta alikuja wakati wenzangu wako shamba. Hakuingia ndani. Akaniambia, "Nimeuza mbuzi, nahamia kwa kaka yangu Kasulu. Sijaja kugombana. Nataka kukuuliza wewe tu, maana wewe unanijua. Na wewe unaamini nilimuua yule mtoto?"

Jamani, mdomo ulikuwa wazi. Nilitaka kumwambia ni unga. Nikamwambia, "Dada, mimi nimechanganyikiwa, sijui niamini nini." Akanitazama, akamshika mwanangu kidole, akasema, "Amekua. Mungu amtunze." Akaenda.

Afadhali angenitukana. Tangu hapo sili vizuri, maziwa yamepungua, na mama mkwe anadhani bado namlilia wifi yangu, ananibembeleza. Ananiita mwanangu. Kila akinibembeleza natamani ardhi ipasuke.

Nikisema, mama yangu mjane ataitwa muuaji, na hakukusudia, alileta zawadi. Mashemeji zangu ni watu wa hasira, wanaweza kumfuata mpaka Makere. Nami nitaulizwa unga niliumwagia nini. Nikinyamaza, mtu aliyenishika mkono nikiwa na uchungu anafukuzwa kwao kwa kosa lisilo lake. Na huenda kuna mwingine huko anaharakisha muhogo wake sasa hivi kwa kuwa mgeni anakuja.

Gari linalombeba Mama Odeta ni Alhamisi. Nyie mliopitia makubwa, msinionee huruma, nielekezeni: nianze kumwambia nani, mume wangu, mama mkwe, au yeye kabla hajapanda gari? Na nitamtazamaje usoni?