Asmani Feruzi na gari lililochelewa siku moja

Saa tatu asubuhi, mvua imekatika Rumonge na udongo wa karakana bado unateleza. Asmani Feruzi, fundi wa springi mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anapandisha magunia mawili ya chumvi, kwa kipimo cha mwisho, nyuma ya Peugeot nyeupe iliyokatwa na kuwekewa bodi ya mbao. Kisha anachutama na rula ya shule mkononi.

"Kushoto, sentimita mbili." Anazunguka. "Kulia, mbili." Anapangusa jasho. "Sasa inashuka sawasawa."

Hana mashine. Kwa magunia na rula hujua springi ipi inafaa gari lipi, na huongeza au kupunguza vipande vya chuma mpaka aridhike.

"Watu wanafikiri resori nguvu ndiyo nzuri," anasema; springi yeye huiita resori. "Hapana. Ikiwa nguvu sana, gari tupu inaruka na mukia unateleza mu kona. Ikiwa laini sana, ukipakia inalala upande. Unatafuta ile ya muzigo wako."

Somo hilo alilipata mwaka wa Uhuru. Julai 1962, yeye na rafiki yake Melkiori walinunua gari hili la Peugeot kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga virago. Walilikata nyuma, wakalifunga springi za lori. Safari ya kwanza, kwenye kona ya Muhuta, mkia uliteleza, na vikapu vya ndagala, dagaa wa hapa, vikamwagika mpaka ziwani.

"Tulicheka mpaka tukakaa chini," anakumbuka. "Tulikuwa vijana, na nchi ilikuwa yetu."

Kwa miaka kumi Melkiori aliendesha, Asmani akatengeneza.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huu, 1972, damu ilimwagika pwani yote ya ziwa. Zikafuata siku za askari kukamata watu. Asubuhi moja ya Mei, Melkiori alileta gari akitaka libebe watu na mizigo bila kuyumba. Asmani alipopima, upande wa kushoto ulishuka zaidi ya wa kulia.

"Inatembea?" Melkiori aliuliza.

"Inatembea, lakini inalala. Nitafua kipande kingine. Kesho asubuhi utaichukua."

Melkiori alisimama kidogo, akiitazama barabara ya Kabonga, iendayo mpakani mwa Tanzania.

"Haya, ndugu yangu. Kesho."

Jioni ile walikuja watu wenye karatasi ya majina. Walimkuta Melkiori nyumbani kwake, anakula, wakaondoka naye. Hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha mkewe, Sabine, kaburi.

Asmani hakuwa na habari. Alfajiri alifunga kipande kipya, akaosha vioo, akangoja. Saa sita akaenda mwenyewe nyumbani kwa rafiki yake. Alimkuta Sabine ameketi mlangoni, nyuma yake mafurushi matatu yamefungwa kwa kamba.

"Nilipoona yale mafurushi, nilielewa," anasema. "Walikuwa wanakimbia. Gari ilikuwa kwangu, juu ya mawe, kwa sababu ya sentimita moja."

Siku hiyohiyo alikifungua kile kipande, akakitupa ziwani. Gari likabaki juu ya mawe miezi saba. Zamani alihudumia magari manne kwa wiki; sasa hupata moja kwa mwezi. Wateja wake wengi hawapo.

Mwezi uliopita Sabine alirudi na wanawe wawili kutoka Bugarama, kwa wazazi wake. Alitaka gari libebe mawese, ili watoto wapate chakula. Asmani alimweleza yote, macho yake chini.

"Shemeji, yeye mwenyewe alinyamaza," Sabine alimjibu. "Nilimwambia, mwambie Asmani kwamba tunakimbia. Akasema, mutu asiyejua hawezi kuulizwa. Alitaka wewe upone."

Asmani anaipangusa rula kwa shati lake.

"Hiyo ndiyo iliniumiza kupita yote. Mimi nilikuwa nafikiria resori. Yeye alikuwa ananifikiria mimi."

Madebe ya mawese ni mazito kuliko ndagala, kwa hiyo ameongeza kipande kimoja kila upande. Jana alilipeleka gari likiwa limejaa mpaka kona ya Muhuta. Halikulala wala kuteleza. Hakushangilia. Alilisimamisha kando ya barabara, akalia.

Sabine alikuwa anatafuta dereva. Asmani amekataa aajiriwe mtu mwingine. Jumapili ataanza kumfundisha Sabine mwenyewe kuendesha, kwanza uwanjani, halafu barabarani, hata kama mji mzima utacheka kuona mwanamke kashika usukani.

"Funguo zitalala kwake," anasema akishusha gunia. "Siku akitaka kuondoka, aondoke. Asimungoje tena mutu. Hata mimi."