Kufuli kwenye Mdomo wa Chenji

Mwanangu Simiyu, hiyo mashine yako ya maji nimeiangalia kwenye picha na nimeipenda. Mtu anatia sarafu, anajaza mtungi wake, na chenji inatoka hapo chini kwenye kimdomo. Umeniambia kwamba kule Kibera wezi wameshakijua hicho kimdomo, na sasa unataka nikichomelee bamba, nikizibe kabisa. Ni kazi ya nusu saa. Lakini kaa kwanza, chai yenyewe bado ya moto, kwa sababu kazi hiyo nilishawahi kuifanya, na iko Jumatano moja ambayo haijanitoka kichwani tangu wakati huo.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimetoka Machakos na mashine moja ya kuchomelea na maneno mengi. Karakana ni hii hii, hapa hapa Kawangware, kituo cha 46, ila paa lilikuwa linavuja. Ukutani kwa nje nilikuwa na simu ya sarafu. Nyinyi hamkuzizoea. Ulikuwa unatia shilingi kumi, unapiga, na simu isiposhika au laini ikikatika, sarafu yako inaangukia kwenye kimdomo chini, unaichukua unaenda zako.

Wezi walianzia hapo. Walikata kipande cha sponji ya godoro, wakakisukuma juu ndani kwa kijiti, na kila sarafu iliyotaka kurudi ikanasa. Mteja anagonga simu, anaitukana, anaondoka. Baadaye mwizi anapita kama mtu asiye na haraka, anavuta sponji yake, anakinga mkono. Pesa zinaenda kwake na matusi yanabaki kwangu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kusema kweli, matusi.

Basi nikatengeneza kifuniko cha chuma chenye bawaba, nikakichomelea juu ya kimdomo, nikakitia kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni. Wiki haikuisha, sponji zikapotea. Watu walinisifu hapa mtaani kwamba Kioko ni fundi, si mchezo, na mimi kichwa kikavimba vizuri.

Mwanzoni mtu akiniita nilitoka, nikafungua, nikampa sarafu yake. Lakini ukiwa umeinama juu ya geti la mtu, miwani usoni, cheche zinaruka, kuitwa kila saa kwa ajili ya shilingi kumi kunachosha. Nikachukua kipande cha katoni na kuandika kwa rangi ya mlango: CHENJI NI JUMAMOSI. Nikakitundika hapo juu ya simu. Haya, niambie, ni nani atakayefunga safari Jumamosi kwa sababu ya shilingi kumi? Walikuja wachache. Zilizobaki nilinunulia nyama robo kilo, nikaila kwa raha, na usingizi ukanijia bila shida.

Ndipo ukaja ule uchaguzi wa elfu mbili na saba. Wewe ulikuwa mdogo, lakini mambo yaliyofuata umeyasikia. Maduka yalifungwa. Kadi za kredo ya simu zikaadimika hata ukiwa na hela mkononi. Waliokuwa na simu za mkono wakabaki wanaziangalia tu. Ghafla simu yangu ya ukutani ikawa na foleni iliyofika kwa kinyozi, watu wa Western, watu wa Ukambani, kila mtu anataka kusikia sauti ya kwao. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani, dirisha nimeacha upenyo wa kiganja, roho juu.

Jumatano ile, asubuhi, zamu ilimfikia mama mmoja ambaye alikuwa akifulia watu nguo kule Riruta Satellite. Nilimjua kwa sura. Nyumbani kwake kulikuwa Kibera, na vurugu zilipoanza zilimkuta upande huu. Alikuwa amelala kanisani siku tatu. Watoto wake watatu, mkubwa akiwa msichana wa miaka kumi, walikuwa wamechukuliwa na jirani hadi kwa dada yake huyo mama, mtaa wa Ayany, na namba ya huyo dada aliiandika kwenye kikaratasi. Alikuwa na sarafu mbili za kumi, amezifunga kwenye pembe ya leso.

Akatia ya kwanza. Simu ikashikwa, akasema "halo," laini ikakatika. Akatia ya pili. Ikawa vile vile. Nami huku ndani nilizisikia zote mbili zikianguka nyuma ya kifuniko changu.

Akaja dirishani. "Fundi, imekula pesa yangu. Nimeisikia ikianguka, iko hapo tu nyuma ya kufuli. Nifungulie, aki."

"Mama, kibao umekisoma?"

"Fundi, ni watoto wangu."

"Jumamosi," nikamwambia.

Usiniangalie hivyo. Nilikuwa na sababu, au nilidhani ni sababu. Niliogopa kwamba nikitoka na ufunguo, watu wakaona sarafu siku kama hiyo, watanirukia, wachukue na mashine yangu ya kuchomelea. Na kusema ukweli wote, niliona haya kufungua, kwa sababu mle ndani hazikuwa mbili. Foleni nzima ingeona. Nyuma yake kuna kijana akapiga kelele, "Buda, fungulia mathe hapo, wacha ufala!" na hilo likanifanya nikaze shingo zaidi.

Mzee Nzioka ndiye aliyekuja. Alikuwa seremala hapo ng'ambo, mtu wa Kitui, mzee wa kanisa letu, na hakuna siku nilimsikia akipaza sauti. Akaweka mdomo kwenye ule upenyo wa dirisha ili wengine wasisikie.

"Kioko, yule wa sponji alikuwa anachukua pesa za watu akijificha. Alikuwa na haya kidogo. Wewe unachukua ukiwa nyumbani kwako, na umeweka na kibao."

Nikasema tu, "Mzee, watanivamia."

"Basi watatuvamia wawili. Toka."

Nilitoka, na ufunguo ukanikataa mara mbili. Kifuniko kilipofunguka sarafu zilimwagika hadi chini, foleni yote ikiziona. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyenirukia. Mzee mmoja alisema juzi simu ilikula kumi yake, akaokota moja, akarudi kwenye nafasi yake. Nikampa yule mama zake mbili, na zilizobaki nikaziweka kwenye kizingiti cha dirisha, nikasema aliyeliwa pesa yake achukue.

Alipiga tena. Mara hii laini ikakaa. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na simu zile zilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo yule mwanamke wa Ayany nilimsikia mwenyewe.

"Wewe! Hawa watoto wamenishinda. Wanasema hawakungoji tena. Dada yao ameshawavalisha wadogo wake viatu, wako hapa mlangoni, wanataka kuja kukutafuta huko Kawangware kwa miguu. Huyu mdogo kabisa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na analia anataka kutangulia."

"Funga mlango!" mama akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Funga, uketi hapo mlangoni! Nipe huyo msichana niongee naye!"

Mwanangu, njia ile asubuhi ile ilikuwa na vijana wenye panga. Mtu mzima hakuipita. Mama alipomaliza kuongea na bintiye aliketi chini pale pale kwenye vumbi, akalia, na mimi nikarudi ndani nikalia pia, kwa aibu na kwa woga wa kitu ambacho karibu nikifanye kwa ajili ya nyama robo.

Mchana huo huo nilichukua tindo na nyundo, nikaking'oa kifuniko. Katoni nikaiwashia jiko. Halafu nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Ndani ya kimdomo nikaweka kibamba kilichopinda, ambacho kinaacha sarafu ishuke na kidole kiingie, lakini kijiti cha sponji kinagonga na kukwama. Simu nikaihamishia upande wa mlango, niione nikiwa kazini. Asubuhi na jioni nikawa napitisha waya kuangalia kama kuna kitu kimesukumwa. Sikudanganyi, niliibiwa tena mara mbili au tatu, na nikavumilia.

Basi sikia ninachokushauri. Jikinge na mwizi, tena jikinge sana, weka mashine mahali macho yako yanafika, ikague kila siku, na mdomo wake nitaupinda mimi mwenyewe bila malipo. Lakini usitafute usingizi wako kwa kumnyima mwenye haki chenji yake, eti kwa sababu mwizi naye hupitia hapo. Anayekuja na sarafu ya mwisho huwezi kumjua kwa sura. Mrudishie kila mtu, papo hapo, usimwambie habari ya Jumamosi.

Mama yako alipokutuma kwangu, ilhali mafundi wa kuchomelea wamejaa Kibera yote, hukujiuliza kwa nini uvuke huku? Hakukuambia, kwa sababu amenistahi miaka yote hii. Yule wa kiatu cha kulia mguu wa kushoto ni wewe.

Kunywa chai. Kesho kutwa niletee mashine. Na Mungu azibariki kazi za mikono yako, akuzungushie watu wa kukwambia ukweli dirishani, na kila atakayekuja kwako na kiu aondoke na maji yake na chenji yake, akikutakia mema njiani. Msalimie mama. Mwambie fundi wa Jumamosi bado anamshukuru.