Fungu la Uyoga

Mvua zikishatulia Dodoma, soko letu hugeuka kwa wiki moja. Mahindi mabichi huingia, mchicha, matango, kisha zabibu, ambazo ndizo biashara yangu. Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa Kigogo, rika la mama yangu mzazi, na msimu huo aliuza uyoga. Aliuchuma mwenyewe kwenye vichuguu vya kijijini kwao, akaupanga mafungu juu ya kiroba. Watu walinunua bila kuuliza. Nani angemuuliza yeye habari za uyoga?

Mwaka huo goti lilimsumbua, akaanza kumtuma mke wa mwanawe akauchume, binti aliyeolewa kutoka mbali na ambaye hakukulia na uyoga.

Asubuhi ninayoikumbuka jirani yangu alileta mafungu manne tu. La kwanza nilichukua mimi, nikampa mume wangu, ambaye ni mlinzi na alipitia sokoni akitoka lindo. Akasema atalipika mwenyewe kabla ya kulala. La pili alichukua mama ntilie wa nyuma ya soko. La tatu alinunua binti mmoja mwanafunzi, mwenye begi jekundu mgongoni, akaelekea stendi ya magari ya Chimwaga, kule chuoni.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma nilipomwona jirani yangu akiligeuzageuza fungu lililobaki. Alishika uyoga mmoja kwa shina, akaufuta udongo kwa kidole. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Mwanangu, hebu tazama hapa chini."

Nikatazama. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaochongoka. Huu haukuwa na mzizi. Chini ulikuwa umevimba, umekaa ndani ya kitu kama kikombe cheupe.

"Huu unaua," akasema. "Sijui kama alichanganya na kwenye mengine."

Nilimpigia mume wangu. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake akitoka lindo. Nikapiga tena, na tena. Jirani yangu alikuwa ameshasimama, goti na maumivu yake, anachechemea kwa mama ntilie. Nikapanda bodaboda, nikaziacha zabibu wazi.

Njia nzima nilikuwa nikijiambia atakuwa amelala bila kupika. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, sahani mbele yake.

"Mbona unahema hivyo?" akaniuliza.

"Uyoga uko wapi?"

"Tumboni," akasema, akacheka.

Nilipomweleza hakucheka tena. Alisimama, akaketi, akasimama, akaanza kutafuta shati lake, na shati alikuwa amelivaa.

Hospitali walimnywesha dawa nyeusi ya mkaa. Daktari, kijana mpole, alinivuta pembeni. "Mama, sumu ya uyoga haina haraka. Mtu anaweza kukaa mzima kutwa, ndipo ianze. Tutakaa naye siku tatu."

Siku tatu za kumtazama mtu mzima ukingoja augue. Akikohoa, nilishtuka. Akiomba maji, nilimuuliza kwa nini ana kiu. Mchana wa siku ya pili alitapika, nikakaa sakafuni kati ya vitanda. Nesi alisema huenda ni ile dawa tu. Hakusema ni dawa. Alisema huenda.

Jirani yangu alikuwa kwenye benchi la nje tangu siku ya kwanza. Mama ntilie alikuwa hajapika, uyoga ukiwa bado kwenye beseni, wakaumwaga. Lakini mwanafunzi hakupatikana. Mwenyekiti wa soko alitangaza kwa kipaza sauti, na vijana wawili wa bodaboda wakaenda Chimwaga kuulizia kwenye mabweni binti mwenye begi jekundu. Walicheka wakirudi, si kwa furaha. Mabegi mekundu yalikuwa hayahesabiki.

"Nenda nyumbani, Mama, ukapumzike," nilimwambia.

"Niende nikamtazame vipi mkwe wangu?" akajibu. "Nilimtuma mimi. Mimi ndiye niliyejua."

Sehemu yangu moja ilitaka kumkumbatia, na nyingine ilitaka asiniguse.

Siku ya tatu mume wangu aliruhusiwa. Hakuna aliyeweza kutuambia kama fungu lake lilikuwa safi au kama dawa ndiyo iliyomwokoa. Binti wa begi jekundu alijitokeza zaidi ya wiki baadaye, anataka mahindi mabichi. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaogopa. Uyoga ulikuwa umesahaulika ndani ya begi, ukaoza, akautupa pamoja na daftari lililochafuka. Alikuwa amekasirika kwa sababu ya daftari.

Jirani yangu hakuuza uyoga tena. Msimu uliofuata alileta mlenda mkavu aliousaga mwenyewe, na Jumapili moja akaja nao nyumbani kwetu. Mume wangu alimwamkia, akaosha mikono, akala kwa ugali, akamsifu. Mimi nilikaa kando, macho yangu kwenye koo lake, kila tonge lilipokuwa likishuka.