Darasa la Mtu Mmoja

Shangazi yangu alifundisha habari za udongo katika chuo kikuu kwa miaka mingi, lakini hakuwahi kuajiriwa kwa kudumu. Kila muhula alipewa mkataba mpya, na kila muhula ulipokaribia kuisha alianza kulala vibaya. Mimi nilikuwa nikiishi naye mtaani Riruta tangu nilipomaliza darasa la nane na masomo yangu yakaishia hapo. Nilifanya kazi ya mjengo huko Mutuini, tukichimba misingi ya nyumba za kukodisha, na siku za mvua nilikaa nyumbani.

Siku moja ya mvua aliniomba nimsindikize mjini. Wahadhiri walikuwa wameitwa kufundishwa namna ya kuweka masomo kwenye kompyuta, na yeye aliogopa kunyang'anywa ile kompyuta yake njiani. Nikaibeba ndani ya koti. Ukumbini nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, nikitumaini hakuna mtu atakayeniuliza nasomea nini.

Kijana mmoja aliyevaa raba nyeupe aliwaonyesha jinsi ya kujirekodi, jinsi ya kukata mahali ulipokosea, na jinsi ya kuweka somo kwenye mfumo wa chuo ili wanafunzi walisikilize popote walipo. Aliwaambia waangalie kamera na kuongea nayo kama rafiki.

"Rafiki gani huyo haitikii hata kichwa?" shangazi akauliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Mzee mmoja wa mbele akadakia, "Na ya kutoka humu tunabonyeza wapi?"

Wakacheka zaidi. Kisha mkuu wa idara yao akasimama, na kicheko kikaisha. Alisema atakayeweka kozi yake nzima kwenye mfumo kabla muhula haujaisha atakuwa amejiwekea nafasi nzuri wakati wa kugawa madarasa. Nilimwona shangazi akiandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini.

Jumamosi iliyofuata alianza. Alitundika shuka ukutani, akapanga mikebe ya udongo mezani, akawasha kamera. Akasema, "Habari zenu," akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza tena. Darasani alikuwa amezoea kumwaga udongo kwenye viganja vya wanafunzi na kuwaangalia wakiusugua. Sasa alikuwa na kitundu kidogo cha kioo mbele yake, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kuja hapa," akaniita. "Keti nyuma ya hii kompyuta. Sasa wewe ndio darasa."

"Anti, mi sijui hizo vitu."

"Ndio maana nakuita. Wanaojua watanisaidia nini?"

Nikaketi. Mimi si mtu wa kuangaliwa. Hata kwa mjengo wananiita Bubu. Niliinamisha kichwa.

"Wewe, mbona unaangalia viatu? Viatu hazina mtihani. Angalia mimi."

Nikamwangalia. Mara ya kwanza nilitokwa na jasho. Lakini yeye alibadilika. Mikono ilianza kutembea, sauti ikashuka ikawa ile ninayoijua ya jikoni. Alikuwa akinisoma usoni. Nikikunja uso tu, alisimama na kurudi nyuma. Alipofika kwenye udongo mwekundu alisema ni mfinyanzi, na kwamba mfinyanzi hushika maji. Kisha akasema mwekundu huu wetu wa huku hupitisha maji upesi. Mimi nikabaki nimemkodolea macho. Hakuniuliza kitu. Alikwenda jikoni akaleta unga kwenye bakuli, akaunyunyizia maji, akausugua mpaka ukawa madonge madogo, halafu akayamwagia maji. Maji yakapita katikati ya madonge.

"Chembe ni ndogo sana," akasema, "lakini zimeshikana vikundi vikundi. Maji hayapiti ndani ya donge. Yanapita kando yake. Umeona?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea.

Tulifanya hivyo Jumamosi na Jumapili kwa wiki nyingi. Mvua ikigonga mabati tulisimama na kungoja. Kanisa la jirani likianza nyimbo tulifunga madirisha, na joto likatutesa. Alirekodi kozi nzima. Alipoweka somo la mwisho kwenye mfumo alinunua kuku, tukala, na usiku huo nilimsikia akikoroma.

Masomo yale yalipendwa. Wanafunzi walimwandikia chini ya kila somo kwamba mwalimu huyu anaeleza pole pole, hata aliyekosa darasa anaelewa. Wengine waliuliza mbona anaangalia pembeni kidogo, kuna nani hapo? Aliniita na kunisomea hayo. "Ni wewe huyo," aliniambia. Nilifurahi mpaka nikatoka nje.

Muhula mpya ulipokaribia, mkataba haukuja. Shangazi alisema umechelewa. Kisha masomo yakaanza, na bado haukuja. Asubuhi moja alijaribu kuingia kwenye mfumo ajibu maswali ya wanafunzi, ukakataa paswadi yake. Akaiandika upya, herufi kwa herufi, akitumia kidole kimoja. Ukakataa. Aliniuliza kama nimegusa kompyuta. Nikasema sijaigusa. Akasema, "Najua. Nauliza tu."

Nilikwenda naye tena mjini. Mlango wa mkuu wa idara ulibaki wazi, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa kwenye benchi.

"Daktari, kozi yako ni nzuri sana," mkuu alisema. "Kusema kweli ndiyo bora kuliko zote. Haihitaji kuguswa."

"Nashukuru. Sasa nafundisha lini?"

"Muhula huu tumempa kijana mmoja aisimamie. Atasahihisha mitihani tu. Masomo si yapo pale?"

"Yapo pale. Mimi niko hapa."

"Tukikuhitaji tutakuita, Daktari."

Shangazi alimshukuru. Sijui kwa nini alimshukuru. Tulitembea hadi steji kupanda matatu. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba kama angerekodi vibaya, kwa ile sauti yake ya kwanza, labda wangemhitaji. Sikumwambia. Nafikiri alikuwa akifikiria hilo hilo.

Miezi miwili baadaye msichana mmoja, mwanafunzi, alihamia kwenye ploti ya nyumba za kukodisha iliyopakana na yetu. Jumapili mchana shangazi alikuwa akianika nguo, nami nikimshikia beseni, tukasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ng'ambo ya ua. Msichana alikuwa ameweka simu kwenye ukingo wa karo la maji, anafua huku akisikiliza. Shangazi alibana kibanio kwenye shati, mkono ukabaki juu.

Msichana alitupia macho upande wetu, akatazama simu, akatazama tena.

"Samahani, si ni wewe mwalimu wa udongo?"

"Hapana, mami. Watu hutufananisha."

"Aki mnafanana! Hata sauti." Akasogea kwenye ua, mikono ikichuruzika sabuni. "Nilikuwa na swali moja tu. Yale madonge ya udongo yakikanyagwa, maji yatapita wapi?"

"Muulize anayewasimamia."

"Huyo? Hajibu. Tumemwandikia mpaka tukachoka."

Shangazi alifungua mdomo. Nilimjua, jibu lilikuwa limeshafika. Kisha akaufunga, akachukua beseni mikononi mwangu ingawa bado lilikuwa na nguo, akaingia ndani.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama jikoni, ameligeuzia dirisha mgongo, anachagua mchele ambao tayari ulikuwa umechaguliwa.

"Funga dirisha," akasema.

Nikafunga. Sauti yake ya kwenye simu ikaendelea kuja, ndogo zaidi, ikieleza mambo ya maji.

"Washa redio," akasema.