Siku Nilipomlilia Waya Rusalia Akiwa Hai

Mkitaka kucheka, chekeni, mimi nimeshazoea. Hata leo nikipita sokoni Rangwe kuna wazee wenzangu wanaoinua mkono juu na kusema, "Niko hapa, mimi sijafa bado!" halafu wanajishika mbavu, na mimi naangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo huu huu, ile miaka ya tisini, wakati bado nilikuwa na meno yangu yote.

Ilianza na kitu kidogo. Nilikuwa naoga, nikagusa titi la kushoto, nikakuta kitu kigumu kando, karibu na kwapa, kama njugu iliyofichwa chini ya ngozi. Hakiumi. Nikakigusa tena, kiko. Tangu siku hiyo mkono wangu haukutulia, nikipepeta mtama unakwenda kwapani, nikiwa kanisani unakwenda kwapani, mpaka Herina, yule jirani yetu ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akaniuliza kama nimeshikwa na upele.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Basi lijueni boma letu kwanza. Mimi nilikuwa mke wa pili wa mzee Oluoch. Mke wa kwanza ni Dorsila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na tulikaa miaka mingi hatusalimiani (ni mambo ya shamba la viazi, msiniulize), halafu tukapatana, tukaanza kuombana chumvi na kusukana nywele. Na kwetu siku hizo, mke akishikwa na ugonjwa wa titi watu hawaulizi daktari anasemaje, wanauliza mke mwenzake ameficha nini kwenye paa la nyumba yake. Peres wa boma la juu alipougua hivyo, mganga alimwonyesha mke mwenzake kwa kidole, yule mama akafukuzwa na watoto wake, na Peres akafa vilevile. Kwa hivyo mimi nilikuwa na hofu mbili, ya kufa na ya kumpoteza Dorsila, na sijui ni ipi iliyoninyima usingizi zaidi.

Ndipo Waya Rusalia akatuma neno. Waya ni shangazi, dada ya baba yangu, naye alikuwa ameolewa karibu na soko la Rangwe. Alimwambia muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aniambie kwamba hospitali ya misheni italeta madaktari uwanjani, watapima wanawake saratani na kila mtu presha na moyo, bila malipo. Nikasema moyoni, nitaenda peke yangu, nipimwe, nirudi kimya. Jioni nikafua gauni langu zuri. Dorsila akasimama mlangoni.

"Nyar Sori," akaniita (mimi ni binti wa Sori, kule ziwani, na mwanamke kwetu huitwa kwa kwao), "mbona unafua gauni la kanisa katikati ya wiki?"

Sasa hapa ningesema naenda sokoni. Neno lilikuwa karibu kabisa, jepesi, halina makosa. Lakini kichwani mwangu mlikuwa na jina moja tu, na mdomo ukalitoa.

"Nimepata msiba. Waya Rusalia ametuacha. Anazikwa kesho."

Dorsila akashika kichwa. "Yaye! Na wewe hulii?"

"Nimelia kisimani."

"Pole, mke mwenzangu. Pole sana," akasema, akaenda zake, na mimi mjinga nikafikiri yameisha. Nilisahau, mtu mzima mzima nilisahau, kwamba mwanamke aliyeolewa haendi kuzika watu wa kwao peke yake kama aliyefukuzwa. Boma la mume linamsindikiza, na unga na kuni na kitu cha kuchinja, ili kwao waone anaheshimiwa.

Alfajiri nikafungua mlango niponyoke, nikakuta uwanja umejaa. Dorsila mbele, leso kiunoni, debe la unga kichwani. Nyuma yake Herina na mzigo wa kuni, na akina mama wa kanisani, mmoja amebeba jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mzee Oluoch alikuwa anapiga pasi koti lake, akasema wanaume watatufuata mchana.

"Goti lako si linauma?" nikamwambia Dorsila. "Wewe kaa tu."

"Goti litanisindikiza. Mtu wa kwenu ni mtu wa kwetu. Tangulia."

Nikatangulia. Ile safari, wenzangu, sijui niieleze vipi, miguu inakwenda mbele na roho inarudi nyuma, jasho linanitoka na jua halijapanda, mkono unakwenda kwapani na naurudisha. Nikasema, "Pengine wameshazika." Herina akasema, "Asubuhi hii? Kwani wanazika kuku?" Nikasema tumbo linaniuma, turudi. Wakasema ni uchungu wa msiba, wakaninywesha maji. Nikajiambia, tukifika pale kwenye mti ulioanguka nitawaambia, tukafika, nikajiambia kwenye daraja, tukavuka daraja. Na lililonimaliza kabisa ni Dorsila, kwa sababu njia nzima alikuwa ananiuliza habari za marehemu.

"Alikuwa anapenda nini? Nataka kumlilia vizuri, nisikuaibishe kwa watu wenu."

"Alipenda mbuta," nikasema. "Yule samaki mkubwa wa ziwa letu, wa kuchemsha."

"Mpenda mbuta," akawa anajifundisha polepole, "Rusalia mpenda mbuta, ziwa linakuuliza." Kilimani akasimama, akaweka mkono kifuani, akahema kama mtu aliyekimbizwa. Nikamwuliza vipi. "Ni unene tu," akasema. "Twende, tusichelewe."

Mpango wangu wa mwisho ulikuwa kuwapumzisha kabla ya soko, nikimbie mbele kwa waya, nimpigie magoti, aniambie la kufanya. Lakini njia inapinda pale, na ukipinda unauona uwanja wote kwa mara moja. Na uwanja ulikuwaje? Maturubai ya bluu yamefungwa. Mabenchi ya kanisa yamepangwa. Watu wengi wamekaa kivulini kimya, kipaza sauti kinaongea polepole, na gari jeupe refu limesimama kando. Hata mimi niliyejua, kwa dakika moja nilidhani kuna maiti.

"Yaye, matanga makubwa hivi!" Dorsila akasema. "Mbona hukusema alikuwa mtu mkubwa?"

"Dorsila, ngoja, nina neno..."

Na mnajua kwetu huingii kwenye msiba ukitembea. Unaingia mbio, unalia, mikono kichwani. Dorsila akateremsha debe, akavuta pumzi, akafungua ile sauti ya kuita ng'ombe. "Uwiii! Uwi, Rusalia! Rusalia mpenda mbuta, ziwa linakuuliza!" Akaondoka, goti bovu na yote, na akina mama nyuma yake wanalia, kuni zinaanguka, jogoo anapiga kelele, na mimi nyuma yao nakimbia kuwashika, na kila mtu akaona ndio mimi ninayelia kuliko wote.

Sasa fikirieni wale waliokaa kwenye mabenchi. Walikuja kupimwa, na nusu yao walikuwa na wasiwasi kama mimi, wengi waliambiwa nyumbani kwamba ukiingia kwenye turubai la daktari unatolewa umelala. Halafu wanasikia nduru. "Kuna mtu amekufa mle ndani!" mmoja akasema, na basi. Mabenchi yakapinduka. Kutoka kwenye turubai la akina mama mwanamke mmoja alitoka mbio ameshika blauzi mkononi, mwingine amevaa kiatu kimoja, mzee mmoja anakimbia na kile kitambaa cha kupimia presha kimemkaza mkono na mpira wake unamfuata kama mkia. Daktari alisimama na mikono yake miwili tu. Uwanja ukabaki na vumbi.

Na kwenye benchi la mbele, moja ambalo halikupinduka, alibaki mama mzee mmoja, amevaa gauni la maua, amekunja mkono wa nguo tayari kupimwa.

"Nani analia jina langu?" akauliza Waya Rusalia.

Dorsila akasimama na mdomo wazi. Waya akainua mkono juu kama mtoto wa shule. "Niko hapa. Mimi sijafa bado."

Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele. Sista Imelda, muuguzi mkuu wao, akaja mbio na kipaza sauti mkononi, akauliza nani amekufa, na macho yote yakatoka kwa waya yakaenda kwa Dorsila, yakatoka kwa Dorsila yakanijia mimi. Dorsila akanishika bega.

"Nyar Sori. Umetuletea nini hapa?"

Nikamvuta karibu, nikamnong'oneza, maana nilijua sasa hakuna pa kukimbilia. "Hakuna aliyekufa. Nina kitu kwenye titi. Nilikuja kupimwa, nikaogopa kusema, niliogopa watasema umeniroga, wakufukuze kama walivyomfukuza yule wa Peres." Na nilikuwa nasikia sauti ya mwanamke mwingine inasema maneno hayo hayo juu ya maturubai, juu ya soko, mpaka kwenye kinu cha posho, nikashangaa ni nani huyo, kabla ya kuona kipaza sauti cha sista kiko hapa, chini ya kidevu changu, na kinawaka.

Ningeomba ardhi inimeze, lakini ardhi ya Rangwe ni ngumu wakati wa kiangazi.

Dorsila aliniangalia, akaniangalia. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Alichukua kile kipaza sauti kutoka kwa sista (sista mwenyewe aliduwaa), akakikaribia sana, akapiga kelele: "Nyinyi mliojificha nyuma ya maduka! Hakuna maiti! Mke mwenzangu anaingia kupimwa, na mimi naingia naye, na mwenye maneno ya uchawi aje aniambie hapa mbele!" Akanishika mkono, tukaingia.

Mmoja mmoja wakarudi. Yule wa blauzi alirudi wa kwanza, ananuna. Waya naye akamwita Herina amletee jogoo: "Kuku wa matanga yangu nitamla mwenyewe." Mzee Oluoch akafika mchana na koti lake la mazishi na wanaume wake, akaelezwa, akapanga foleni ya presha.

Sista Imelda alinigusa taratibu, akasema lazima uvimbe utolewe hospitali ya Homa Bay na uangaliwe. Halafu akataka kumpima Dorsila moyo, akasema kwanza akae, amelia sana. Akakaa. Sista akapima, akangoja, akapima mkono wa pili, akamwita daktari. Dorsila ananicheka, "Ni unene tu," na sista akamwambia, "Mama, wewe na presha hii ungeendelea kupanda vilima, hawa wenzako wangekuja kulia kweli." Dorsila akaondoka na vidonge, na onyo la chumvi.

Uvimbe wangu ulitolewa. Kungoja jibu lile ndiko kulikonizeesha, na Dorsila alingoja na mimi kwenye benchi la hospitali, ananipiga mkono kila ukienda kwapani. Haukuwa ule mbaya. Daktari alisema hakuna ambaye angejua hivyo bila kuutoa na kuuangalia.

Mngesema nilitoka salama. Lakini miaka ilipita, na siku moja neno likaja kwamba Waya Rusalia amelala usingizi wake wa mwisho. Nikakimbilia nyumba ya Dorsila na machozi. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Nani amemwona?"

"Dorsila, safari hii ni kweli."

"Nenda kwanza ukamguse."

Kila mlango niliogonga, maneno yalikuwa hayo, na Herina alicheka. Nikaenda peke yangu. Njia ile ile, kilima, daraja, hakuna unga wala kuni, nikafika kwa watu wetu mikono mitupu kama mwanamke aliyefukuzwa, nikakaa kando ya kitanda cha waya, na hakuna aliyeniuliza watu wa mume wangu wako wapi, waliniangalia tu.

Jua lilipokuwa linapinda, niliona debe la unga linapanda njia. Chini yake Dorsila, na fimbo sasa. Hakulia. Alipita mbele yangu, akaenda mpaka kitandani, akafunua blanketi, akashika mguu wa waya kwa muda, akaurudishia blanketi vizuri. Akageuka akaniangalia. Halafu akaweka mikono kichwani.

"Uwi, Rusalia! Rusalia mpenda mbuta, ziwa linakuuliza!"

Alikuwa hajasahau hata neno moja. Na mimi tangu hapo nikienda kupimwa nasema naenda kupimwa, na anayetaka kunisindikiza avae viatu.