Mreno na Mapipa ya Ibra

Juzi, hapa Ibra, Oman, kwenye mtihani wa leseni ya gari, nilikaa nyuma ya bibi mmoja mzaliwa wa Unguja. Mara tatu alishafeli kurudi nyuma baina ya mapipa. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo, akimsomea kazi yake ya historia: waziri mkuu wa Ureno, zamani hizo, aliyeondolewa madarakani akarudi, akaondolewa tena, akarudi tena.

"Alirudije?" bibi akauliza.

"Chama chake kilimpigania, bibi."

Askari akamwita. Bibi akakaza mtandio, akenda. Punde tukasikia pipa: paa!

Mjukuu akainamisha kichwa. Bibi hata hakukaa; moja kwa moja dirishani.

"Mara ya nne hii, mama," karani, naye wa kwetu Unguja, akamwambia kwa upole. "Huna watoto wa kukuendesha?"

"Ninao watano. Dada yangu mgonjwa huko mji wa Al Kamil, na mie nawangoja wapate nafasi. Mreno alirudishwa na chama kizima. Mie nimejirudisha mwenyewe. Nipe Jumapili."

Karani hakujua Mreno gani, lakini Jumapili aliiandika. Nami nitakuwepo, inshallah. Gari yangu nitaiweka mbali.